Kuku wa Viatu

Uvumilivu wangu uliisha Jumanne saa tano asubuhi, na aliyeumaliza alikuwa na yai mdomoni.

Nilikuwa natoka zahanati, mtoto mgongoni, homa imempungua, mimi mwenyewe nimechoka kwa upepo wa Makambako ambao hukupiga vumbi la barabara hadi ndani ya meno. Naingia uani, naona baiskeli ngeni imeegemezwa ukuta wa jiko. Barazani kwangu amekaa bwana mifugo, kofia gotini, na pembeni yake tarishi wa jumbe. Mama mkwe wangu, mwenye heshima zake kwa wageni, alikuwa amewapikia chai na kuwachemshia mayai mawili. Mayai gani? Mayai ya kuku wangu jike mmoja, niliyokuwa nayatunza ndani ya chungu cha ulezi nikisubiri siku atakayotaka kuatamia.

La kwanza lilikwishaliwa. La pili lilikuwa limeumwa nusu. Maganda yake, ya rangi ya chai kavu iliyokolea, yametapakaa mezani.

"Karibu chai, mama," bwana mifugo akanikaribisha kwangu mwenyewe. "Mayai matamu haya. Ila rangi yake, ah! Utadhani yameungua. Ndiyo hasara ya mbegu ya kishenzi. Usijali, dawa tumekuletea."

Dawa yenyewe ilikuwa imefungwa kamba kwenye kinu: jogoo mweupe pee, upanga mkubwa wa kichwani umemwangukia jichoni, anapiga kelele kama anaibiwa. Na jogoo wangu, mweusi wa shingo nyekundu, alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli. Hakupiga kelele. Alikuwa ananitazama tu.

Ningeweza kuvumilia jogoo kufungwa. Ningeweza kuvumilia hata yai. Lile neno "kishenzi" ndilo lililonishinda. Nilimpokonya bwana mifugo nusu yai mkononi, nikamtupia paka. Paka akala. Paka haulizi rangi.

"He! Mama!" tarishi akaruka. "Huyu ni mtu wa serikali!"

"Na hilo ni yai la bibi yangu. Mfungue jogoo."

Hawakumfungua. Walipanda baiskeli haraka kuliko walivyokunywa chai, na kutoka barabarani tarishi akapaza sauti, "Jumamosi wanachinjwa wote, baraza zima linakunywa mchuzi! Ukitaka paja, njoo na bakuli!"

"Ni amri ya serikali, mwanangu, jogoo wetu wabadilishwe kwa weupe," mama mkwe akaniambia taratibu. "Mimi ningesemaje?" Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yule mweupe alikuwa nayo kamba yake. Lakini siku ile aliyefanywa mgeni alikuwa wangu.

Sasa wewe rafiki yangu, uliyenijua tangu napiga chafya kwa ukungu wa Njombe, utasema: makelele yote haya kwa jogoo? Basi kaa. Siwezi kukueleza jogoo bila kukurudisha jikoni kwa bibi.

Kwa bibi kulikuwa juu kabisa, mwendo wa nusu siku kutoka Njombe mjini. Mwezi wa Juni ukungu ulikuwa hauji kutembea, unakuja kukaa. Asubuhi umande uliganda kwenye majani, ukikanyaga pekupeku unaruka kama uliyekanyaga makaa. Mama yangu alikuwa na wadogo zangu wa kumtosha, nami nikapelekwa kumsaidia bibi kuchota maji, kuokota kuni na kuangalia kuku. Maisha yetu yote yalikuwa jikoni. Moto haukuzimika. Viazi vilichomwa majivuni, majani ya maboga yakachemka polepole kwenye chungu, na moshi ukatuvika sote harufu moja, mimi, bibi, na kuku waliolala kwenye kichanja cha mianzi juu ya vichwa vyetu.

Kuku wa bibi hawakufanana na wa mtu. Walikuwa wafupi, weusi, shingo nyekundu kama kutu, na manyoya yaliwateremka miguuni hadi kufunika vidole. Sisi watoto tuliwaita kuku wa viatu. Bibi alizaliwa Mawengi, na alipoolewa upande wetu alikuja na tenga kichwani, ndani yake jogoo mmoja na koo mmoja, kuku jike mzazi. Vyombo vingine, alisema, viliweza kununuliwa.

Na mayai yao! Tuliyaita mayai ya kunde, lakini kunde haifikii. Yalikuwa mekundu meusi, mazito kwa rangi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kuyaokota na kuyafukia kwenye chungu cha ulezi, ncha ikiangalia chini, na kila jioni kuyageuza. Ulezi ni baridi, hutunza yai bila kulishtua. Nilijua yai la kila kuku kwa rangi yake kama unavyojua mwandiko wa mtu. Koo anapoanza kutaga rangi hukolea, na kadiri anavyoendelea rangi hufifia kidogo kidogo. Bibi akiona yai limepauka husema, "Huyu amekaribia kukaa. Mtafutie tenga." Na kweli, siku mbili tatu, kuku yuko kwenye tenga, macho nusu, ametuna kama mkate.

"Yai ni barua," alikuwa akisema. "Asiyejua kusoma hulikaanga."

Alinifundisha kusoma na masikio pia. Kuku ana ndewe, kale kanyama kadogo chini ya sikio. Ndewe ikiwa nyekundu, tegemea yai la rangi. Ndewe ikiwa nyeupe, yai jeupe. Si kwa kila kuku duniani, bibi mwenyewe alikubali, lakini kwa kijiji chetu ilitosha kunipa jina baya. Jirani yetu aliwahi kurudi mnadani na kuku mwekundu, anamsifu njia nzima kwamba atataga kama wa bibi. Nikainama, nikamtazama sikio.

"Huyu atataga meupe."

"We mtoto, ulilala naye kiotani?"

Baada ya wiki akaja na yai jeupe mkononi, ananiangalia kwa jicho la pembeni. "Mama," akamwambia bibi, "mjukuu wako huyu mfunge mdomo. Kesho ataniambia siku yangu ya kufa."

Lakini bibi hakuchagua kuku kwa yai wala kwa ndewe. Alichagua kwa moyo. Alikuwa na kipimo chake: tembe, kuku jike kijana, akikaribia kutaga, humlaza chali kiganjani, mkono mwingine juu ya kifua. Anayepiga mabawa na kupiga kelele huyo ni wa mboga. Anayetulia, akakutazama, moyo ukidunda polepole, huyo ni mama. Nilimwona koo mmoja wa viatu akimkalia nguchiro uso kwa uso mlangoni pa jiko, mabawa yametandazwa juu ya vifaranga, hakurudi nyuma hata hatua moja, mpaka nguchiro mwenyewe akaona aibu. Na kuku huyo huyo ungeweza kuingiza mkono chini ya tumbo lake, ukatoa yai, asikuguse.

Kumbuka hilo la mkono. Nitalirudia.

Mwalimu wa shule yetu naye alikuwa na kuku. Weupe, wepesi, walioletwa na watu wa misheni. Nisiwasingizie: walitaga. Walitaga kila siku ya Mungu, mayai meupe kama chaki. Lakini ukikohoa wako juu ya paa. Mbwa akipita, wamemwaga maji, wamevunja yai, wamepotelea migombani. Na kuatamia hawakujua kabisa. Kwa hiyo mke wa mwalimu, kila alipotaka vifaranga, alikuja kwa bibi kuazima koo. Kila kifaranga mweupe aliyetembea uani kwa mwalimu alipata joto lake chini ya kuku wa viatu. Hilo halikutajwa darasani.

Kilichotajwa darasani ni usafi. Mwalimu alikuwa mtu mwema, na msafi kupita kiasi, kaptula yake ungeweza kukatia mkate. Ijumaa tulimpelekea chochote cha nyumbani, kuni, viazi, yai. Ijumaa moja nikampelekea yai la kunde. Akalishika mkono mmoja, mkono mwingine la kuku wake jeupe, akayainua juu.

"Darasa! Lipi ni safi?"

"Jeupeee!"

Wakacheka wote, na mwalimu akacheka nao. Akanirudishia langu. "Mwambie bibi ayaoshe kwanza."

Nadhani alikuwa anatania. Lakini mtoto wa miaka minane hajui utani wa mwalimu. Nilirudi nyumbani uso unaniwaka.

Sasa, mwaka ule mdondo, tauni ya kuku, ulikuwa umepita kabla ya mvua kuisha. Ulipita kijiji kizima. Kwetu ulibakiza koo mmoja tu, na jogoo alikufa wa mwisho, baada ya kumwachia mbegu. Koo yule alitaga kumi na moja, akakaa. Bibi aliweka tenga lake karibu na moto, akatutangazia kwamba asiguswe na mtu, kwamba ndani ya tenga lile mlikuwa na ukoo wote.

Bibi alikuwa shambani. Nilichemsha maji kidogo, nikachukua majivu na gunzi la mahindi. Nikaingiza mkono chini ya koo, nikatoa yai moja, nikalisugua. Rangi ikatoka! Sikudanganyi. Rangi ya mayai yale hupakwa mwisho kabisa, juu juu, na ukisugua sana inakufuata mkononi kama hina. Nikaona, kumbe mwalimu anasema kweli, kumbe ni uchafu. Nikayasugua yote kumi na moja mpaka yakawa na rangi ya mchanga, nikayafuta kwa gauni langu, nikayarudisha moja moja. Koo aliniangalia muda wote. Alijiinua kidogo ili mkono wangu upite vizuri. Angenidonoa siku ile, angeniwekea alama maishani, ningemshukuru mpaka leo. Hakunidonoa. Alikuwa ananiamini.

Siku ya kumi na nane bibi hupima. Beseni la maji vuguvugu, mayai ndani, na unasubiri kimya. Yai lenye kifaranga hai hutikisika lenyewe majini, linacheza, linajigonga na mwenzake. Ulikuwa mchezo nilioupenda kuliko yote, na siku ile nilikaa mbele kabisa.

Hayakucheza. Yalielea tu, kumi na moja, yametulia.

Bibi akachukua moja, akatoka nje, akalipasua kwenye jiwe. Harufu ikarudi ndani peke yake. Akasimama mlangoni na ganda mkononi, akaligeuza penye mwanga. Kisha akanitazama vidole.

"Nani amewavua nguo?"

Nikalia kabla sijajibu. Nikamwambia yote, mwalimu, chaki, majivu, gunzi. Nilisubiri fimbo. Bibi akakaa chini, ganda bado kiganjani.

"Ile ni nguo yao," akasema. "Ndiyo inayozuia ubaya usiingie. Wewe umewavua watoto nguo mwezi wa Juni."

Nimesoma mpaka sekondari, rafiki yangu. Nilikwenda mbali, siku kadhaa za gari na garimoshi, nikafundishwa na mwalimu wa sayansi kwamba ganda la yai lina matundu madogo yasiyoonekana, na juu yake utando unaozuia vijidudu, na kwamba yai la kuangua halisuguliwi. Akachora ubaoni. Darasa zima waliandika. Mimi sikuandika. Nilikuwa nasikia sauti ya bibi jikoni.

Bibi hakumwondoa koo. Alitoa mayai yaliyooza, akamwekea mawe manne laini ya mtoni, na koo akayakalia vilevile, macho nusu. "Huyu atangoja," bibi akasema. "Wewe ndiye utakayekwenda."

Hapo ndipo nilipoujua utaratibu wa mbegu. Kila binti wa nyumba ile aliyeolewa alipewa jogoo na koo wa viatu. Hakupewa wawe wake. Aliwekewa amana. Mdondo ukimaliza nyumba moja, mwenye kupungukiwa anakwenda kwa mwenziwe, anapewa mayai, haulizwi amefanyaje na hanyimwi. "Mbegu ni kama moto," bibi alisema. "Wako ukizimika, unakwenda na kigae kwa jirani kuomba kaa. Lakini wote mkizima, mtaomba kwa nani?" Ndiyo maana mwiko ulikuwa mmoja tu: uza, chinja, kula, lakini usiache nyumba yako ikakosa jogoo wa mbegu.

Shangazi yangu alikuwa ameolewa Makambako. Nilikabidhiwa kwa yule jirani wa kuku mwekundu, tukapakia lori la magome ya miti ya miwati, mimi nimekalia magome, nimekumbatia debe la ulezi. Shangazi alinipokea kwa uji. Hakuuliza chochote. Nilimwambia mwenyewe.

"Ulisugua kwa gunzi?" Akashika kiuno, akacheka mpaka khanga ikamfunguka. "Wewe nawe! Ungetia na sabuni ya kipande, basi, yakanukia!" Kisha akaacha kucheka, akaanza kuhesabu mayai, kumi na moja, akiyafukia mwenyewe kwenye ulezi wangu. "Mwambie mama, kuku wangu ni wake. Na wewe, wakikuuliza darasani tena lipi safi, sema hujui kusoma kwa macho ya mwingine."

Kurudi, nilikaa mbele kwa dereva, debe mapajani. Kila shimo la barabara nililibeba kwa mwili wangu. Nilipofika, bibi alikuwa anamlisha koo uji wa ulezi kwa kidole, tone kwa tone, kwa sababu kuku yule hakutaka kushuka kula. Tukatoa mawe, tukaingiza mayai. Akajiinua kidogo mkono wangu upite. Vilevile.

Alikaa siku arobaini na tatu, ukihesabu yaliyokufa na yaliyoishi. Kuku mweupe wa mwalimu hakuweza kukaa adhuhuri moja. Vifaranga wanane walipotoka nilimbeba koo nje aone jua, alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu, upanga wake umepauka. Akasimama, akayumba, akachakura ardhi mara moja, akawaita watoto.

Wiki ile mke wa mwalimu alikuja, kama kawaida, kuuliza kama kuna koo wa kuazima. Bibi akamkaribisha vizuri kwa salamu ya kwetu, kamwene, kaa, kula kiazi. Alipoinuka kuaga akamwambia, "Mwambie mwalimu kuku wetu mchafu akipumzika, atamwatamilia mayai yake safi." Jumatatu mwalimu aliniita mezani kwake. Akanipa kipande cha chaki kizima, kipya, na toka siku ile alichukua yai la kunde kama lilivyo.

Mtoto wangu alipozaliwa, tenga lilinifikia Makambako juu ya lori. Jogoo na koo. Bibi hakuweza kuandika, alituma neno kwa mdomo wa dereva: "Mwambie, moto huo." Mwanangu amejifunzia kusimama kwa kushika mkia wa jogoo yule. Jogoo husimama kimya, anangoja mtoto apate miguu, ndipo anaendelea na safari yake. Yule mweupe waliyeniachia, Jumatano asubuhi alimrukia mwanangu usoni, akamchana chini ya jicho. Kidole kimoja juu zaidi na leo ningekuwa nalea kipofu.

Bibi alifariki baridi iliyopita. Jiko lile limebomoka upande mmoja, kichanja cha mianzi kimekuwa kuni za mtu. Vijana waliobaki kule walikubali jogoo weupe, wakawala wa viatu. Kwa shangazi mdondo ulifagia. Siku hizi ukipita kijijini kwetu asubuhi utasikia kuku, ndiyo, wanapiga kelele juu ya mapaa. Ile sauti ya chini, ya koo anayeongea na mayai siku moja kabla hayajapasuka, hutaisikia. Sijui kama unaikumbuka. Inafanana na mtu anayehesabu kwa moyo. Chungu cha ulezi ninacho mimi. Koo ninaye mimi. Jogoo wa mwisho niliyemjua mwenye viatu alining'inizwa kwenye usukani Jumanne.

Nilifanya nini? Kwanza nilikwenda barazani kwa jumbe kusoma lile tangazo la kubadilisha jogoo. Watu wote wanasema amri, amri. Nani amelisoma? Limebandikwa ukutani, kwa Kiswahili safi, na mstari wa tatu unasema jogoo watabadilishwa "kwa hiari ya mwenye kuku". Nikausoma mara mbili kwa sauti, tarishi akiwa amesimama pale. Hakunitajia bakuli tena. Nyuma ya baraza niliwaona jogoo kama thelathini kwenye boma la miti, wanapigana, na wangu amesimama katikati kimya, viatu vimechafuka tope.

Kisha nikarudi nyumbani, nikaosha mikono, nikaandika. Alhamisi nikapanda basi kwenda Njombe, Boma, kwa Bwana Shauri, afisa wa wilaya, mtoto mgongoni, barua kifuani, na kopo la ulezi mkononi. Karani wa Boma akaniuliza malalamiko ya nini, ardhi au mume.

"Jogoo."

Akacheka. Akasoma mistari minne, akaacha kucheka. "Nani amekuandikia?"

"Mkono huu unaouona."

Akaipiga muhuri, nikasubiri mpaka wino ukakauka. Nakala ninayo, jibu bado. Soma:

*Makambako, Wilaya ya Njombe.*

*Kwa Bwana Shauri, Boma, Njombe.*

*Bwana,*

*Yahusu: Malalamiko juu ya jogoo aliyechukuliwa bila idhini ya mwenyewe.*

*Nina heshima kukuarifu kwamba Jumanne ya wiki hii bwana mifugo, akifuatana na tarishi wa jumbe, alifika nyumbani kwangu nikiwa zahanati na mtoto mgonjwa, akachukua jogoo wangu mmoja, mweusi, shingo nyekundu, mwenye manyoya miguuni. Tangazo lililobandikwa barazani linasema kubadilisha jogoo ni kwa hiari ya mwenye kuku. Mwenye kuku ni mimi. Sikuulizwa, na nilipokataa kwa maneno yaliyosikika, sikusikilizwa.*

*Jogoo niliyeachiwa badala yake amemjeruhi mwanangu chini ya jicho. Mganga wa zahanati ameliona jeraha. Nimemfunga jogoo huyo kwa kamba, nampa chakula na maji, naye aweza kuchukuliwa wakati wowote.*

*Sipingi kuku weupe. Wanataga sana, na anayewataka apewe. Lakini hawaatamii, nami nimeishi nao utotoni, sisemi kwa kusikia. Vifaranga wao katika nchi hii ya baridi wameanguliwa siku zote chini ya kuku wetu. Wakiisha kuku wetu, nauliza kwa heshima, Serikali itakaa yenyewe juu ya mayai?*

*Ninaomba mambo mawili. Nirudishiwe jogoo wangu akiwa hai kabla ya Jumamosi, siku ambayo nimeambiwa jogoo wote waliokusanywa watachinjwa. Na tangazo lile lisomwe kwa sauti barazani, mstari wa tatu pamoja na mingine, kwa ajili ya wasiojua kusoma.*

*Bwana mifugo aliita mbegu hii ya kishenzi huku akila yai lake la pili. Kwa hiyo ninaambatanisha, ndani ya kopo la ulezi, yai moja la koo wangu wa mbegu hiyo, lililotagwa jana. Nakuomba usilioshe. Lina mbegu ya jogoo ninayemdai. Kuku wangu atataga mengine yenye mbegu kwa muda wa siku kumi hivi, na baada ya hapo yatakuwa mayai ya kula tu. Ukiona vema kunirudishia jogoo, naomba unirudishie na yai. Nina mahali pa kuliweka.*